Umri wa Kinyago

Mnunuzi anayesimama mbele ya banda la vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, awe mgeni kutoka Ulaya au mwenyeji anayetafuta zawadi ya harusi, mara nyingi huuliza swali moja kabla ya kuuliza bei: kazi hii imechukua muda gani? Fundi hujibu kwa uaminifu kwamba ni siku tano, au wiki tatu, au miezi miwili ikiwa kazi ni kubwa, kisha mazungumzo huhamia kwenye fedha. Nimelisikia swali hilo mara nyingi tangu nilipohamia Sinza, kwa kuwa njia yangu ya kurudi nyumbani hunipitisha hapo, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jibu lile, ingawa ni la kweli, linaanza kuhesabu mwishoni. Kabla ya fundi kushika tezo, muda mrefu ulikwisha kupita shambani na porini, na muda huo umo ndani ya kinyago kama ulivyomo ule wa mkono wake.

Mpingo, mti ambao vinyago hivi huchongwa, hukua polepole mno. Kwa kawaida huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene unaofaa kuvunwa, na hata hapo hauwi mti wa kutisha kwa ukubwa. Mara nyingi ni mfupi, umepinda, una mashina kadhaa yanayotoka karibu na ardhi, na gome lake la kijivu halimdokezi mpita njia chochote kuhusu weusi uliomo ndani. Gogo linalopasuliwa Mwenge mwaka huu huenda lilikuwa mche wakati Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza. Katika miaka yote hiyo, huko Lindi, Kilwa, Tunduru na kwingineko kusini ambako mipingo mingi inatoka, watu walikuwa wakifyeka mashamba, wakichoma majani kabla ya mvua, wakikata kuni, wakichunga mbuzi ambao huyapenda sana majani yake. Mche wa mpingo hauvumilii moto mkali. Kwa hiyo mti ulioweza kufika umri wa kuchongwa ni mti ambao wakulima wa vizazi viwili au vitatu waliukuta na wakauacha, ama kwa kuujua thamani yake, ama kwa kuwa mizizi yake ilikuwa ngumu kung'oa, ama kwa sababu mwenye shamba alitaka nguzo ya baadaye. Kuuacha mti usimame katikati ya shamba ni kitendo cha kilimo sawa na kupanda, na hakuna kinyago hata kimoja cha mpingo kilichowahi kuchongwa bila kitendo hicho kutangulia. Majina ya wakulima hao hayaandikwi popote.

Anayetaka kuuona muda huo kwa macho yake na akae karibu na fundi anapolifungua gogo jipya. Magogo hulazwa kivulini, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa magunia au turubai ili yasikauke kwa pupa na kupasuka, kwa sababu mpingo unaokauka juani hupata ufa ambao hakuna ufundi unaoweza kuuziba vizuri. Tezo linapopiga mara za kwanza huanguka vipande vya rangi ya maziwa yaliyochacha, kwa kuwa tabaka la nje la mti huu ni jeupe na laini kuliko lilivyo la ndani. Kisha, kwa pigo moja, sauti hubadilika. Chuma kimegusa kiini, na badala ya mlio mzito wa mbao unasikika mlio mkali, wa karibu na chuma kwa chuma, na vipande vinavyoruka sasa ni vya zambarau iliyoiva kabla havijageuka vyeusi. Kiini kikavu cha mpingo kina uzito wa takriban kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, ilhali maji ni kilo 1,000, ndiyo maana kipande chake kikitupwa kwenye ndoo huzama moja kwa moja. Vumbi lake laini huganda kwenye nywele za mikono ya fundi, na jioni anapoyanawa maji hutoka na rangi.

Fundi mzee ambaye huwa namwamkia shikamoo kila ninapopita aliwahi kuniwekea kiganja changu juu ya gogo, akaligonga kwa mpini upande mmoja hadi mwingine, akaniuliza, "Unasikia hapa, mwanangu? Hapa pana tundu." Mipingo mingi huwa na uwazi katikati, unaotokana na kuoza kwa kiini au na majeraha ya moto wa zamani, na mchongaji hawezi kuupuuza; lazima auingize katika umbo, aufanye kinywa kilichoachama, au tumbo, au nafasi kati ya watu wawili wanaoshikana. Vinyago vya mtindo wa shetani (maumbo ya ajabu ya mapepo), ambao katika miaka ya 1950 ulihusishwa hasa na mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa, hunufaika sana na miti ya namna hii, iliyopindapinda na yenye mashimo. Ninapokitazama kinyago kama hicho huwa najiuliza ni moto wa shamba la nani uliochora mstari ule wa mgongo, na ni kiangazi cha mwaka gani kilichousokota mti ule ukageuka upande. Ubunifu ni wa mchongaji, sina shaka, lakini alikuta nusu ya mchoro umekwisha kuanza.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa Mwenge haambiwi, nalo ni kwamba sanaa hii ya Dar es Salaam ilipitia kwenye shamba la mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro ambayo yaliifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na ambayo kwa miongo mingi yalivuta vibarua kutoka pande zote, wakiwamo Wamakonde waliovuka Mto Ruvuma wakitokea nyanda za juu za Mueda nchini Msumbiji. Kule kwao walikuwa wakichonga vinyago vya kuvaa usoni kwa miti myepesi, kwa ajili ya ngoma za jando na unyago. Huku walikutana na ujira, na miji, na wanunuzi, na polepole mpingo ukachukua nafasi ya miti myepesi, kwa sababu kitu cha kuuzwa kilitakiwa kiwe kizito, kiwe cheusi na kidumu. Mkonge wenyewe una hesabu yake ya wakati: huanza kukatwa baada ya miaka miwili au mitatu, huendelea kutoa majani kwa miaka kadhaa, kisha hutoa mlingoti mmoja mrefu wa maua, ukatawanya vichipukizi, ukafa. Kibarua aliyekuwa akikata majani yale kwa idadi ya vifungu alijifunza kulisoma shamba kwa umri, kujua safu ipi ni changa, ipi imekomaa, ipi imefikia mlingoti.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga naye alipita huko huko. Alizaliwa Tunduru mwanzoni mwa miaka ya 1930, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na za bustani, na alianza kuchora mnamo mwaka 1968, akitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Alifariki kwa risasi mwaka 1972. Miaka yake ya kuchora haikuzidi minne, na katika miaka hiyo minne aliacha mtindo ambao leo unalisha familia nyingi za Msasani na Oysterbay. Wako wanaolisimulia jambo hili kama muujiza wa mtu aliyeibuka ghafla. Mimi naliona tofauti. Yale majani, wale ndege, yule chui aliyejaa fremu nzima hadi mkia hauna pa kwenda, ni vitu vya mtu aliyeishi miaka zaidi ya thelathini kati ya mimea na wanyama, akiwa mtoto wa wakulima na baadaye kibarua wa mashamba ya wengine. Miaka minne ya brashi ilikuwa mavuno yake, na msimu wa kilimo ulikuwa umekwisha kupita bila mtu kuuona.

Hata rangi ile ya mafuta ina masharti yake ya hali ya hewa. Mchoraji wa Tingatinga hupaka kwanza usuli wote, na hawezi kuanza nukta na mistari hadi usuli ukauke kabisa, la sivyo rangi huchanganyika na kuharibu kila kitu. Wakati wa kipupwe, upepo wa kusi unapovuma mkavu, kazi huenda haraka. Masika yakishika, kuanzia Machi hadi Mei, mbao huegemezwa ukutani chini ya paa la bati kwa siku kadhaa huku mchoraji akizitazama, na hakuna la kufanya. Miezi hiyo hiyo ndiyo wageni huwa wachache mjini, na ndiyo miezi ya kupanda. Nawafahamu mafundi wanaofunga banda wakaenda kijijini kulima, wakarudi wakati watalii nao wanaanza kurudi. Mji wetu hupenda kujiona kama mahali palipoachana na misimu. Lakini mafundi hawa wanaishi kwa masika na vuli kama walivyoishi babu zao, tofauti ni kwamba sasa wanaishi kwa misimu ya pande mbili.

Nina shamba dogo Kisarawe, na jirani yangu huko ni mzee wa Kizaramo ambaye amenifundisha mengi kuhusu jambo hili bila kukusudia kunifundisha. Shamba lake, kwa mtu aliyezoea picha za mashamba ya kisasa, linaonekana kama vurugu. Kuna kunde zinazotambaa chini, mihogo imepandwa katikati, mikorosho michanga imesimama kwa nafasi pana, na kwenye mpaka iko minazi, mingine ikiwa imezaa kabla yeye hajaoa. Nilipomuuliza amepangaje, alinijibu, "Kunde tunakula mwezi huu, mwanangu. Mihogo ni ya mwakani. Hiyo mikorosho ndiyo itakayoniuliza kama bado nipo." Mnazi mrefu wa pwani hungoja miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, kisha ukazaa kwa miaka sitini na zaidi, na hakuna mkulima mwenye akili anayeweza kupanda minazi peke yake akaikalia na kuitazama, angekufa njaa kabla ya dafu la kwanza. Lazima pawe na kitu cha haraka kinachomlisha anayesubiri kitu cha polepole.

Ndivyo mafundi wazuri wanavyofanya kazi zao, na ninasikitika kwamba watu husoma jambo hili vibaya. Mara kwa mara huwasikia wasomi wa sanaa wakilaumu vijiko vya saladi, twiga wadogo na vitunza funguo vilivyojaa mezani, wakisema mafundi wameuza roho zao kwa soko. Wangekaa na fundi mmoja mwaka mzima wangeona kwamba vijiko vile ni kunde. Nyuma ya banda, chini ya gunia, kuna gogo kubwa la mti wa ujamaa, yaani ule mnara wa watu waliopandana, wazee chini na watoto juu, ambalo hufanyiwa kazi kwa saa chache kila juma, huachwa, hurudiwa, kodi ya banda ikiwa imelipwa na twiga. Ukiondoa twiga, ule mnara hautachongwa. Nimeona mnara wa namna hiyo ambao baba aliuanza akiwa na nguvu na mwanawe ndiye anayeumalizia, na ukitazama kwa karibu, sura za chini zina makato mafupi ya tezo, za juu zina mistari mirefu ya patasi, kwa sababu mikono ni miwili na mafunzo yalibadilika katikati. Mwana hakujaribu kuficha tofauti hiyo, na nadhani alifanya vyema.

Wazee wa mwambao walikuwa na njia ya kuhesabu ambayo naiona inafaa zaidi kwa mambo haya kuliko kalenda ya ukutani. Mwaka wa Kiislamu, kwa kuwa unafuata mwezi, hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja kila mwaka wa jua, na mkulima anayeutumia kupangia mbegu angejikuta anapanda kiangazini. Kwa hiyo, sambamba nao, waliutumia mwaka wa jua wa siku 365, ulioanza kwa Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi huko Unguja bado inaadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa, na wakaugawa katika miongo, kila mwongo ukiwa na siku kumi, miongo 36 na siku tano za ziada. Mkulima alijua mwongo wa kufyeka, mwongo wa kuchoma, mwongo wa kutegemea mvua. Nahodha alijua mwongo wa kutweka tanga. Na sanaa ilikuwa ndani ya hesabu hiyo hiyo. Jando, unyago na ngoma kubwa zilingojea mavuno, kwa sababu bila nafaka ghalani hakuna wa kuwalisha wageni kwa siku zote za sherehe, na kwa hiyo kinyago cha kuvaa usoni kilichongwa kikijua tarehe yake, kikitoka wakati ghala limejaa. Mwaka wa njaa ulikuwa mwaka wa ukimya wa ngoma. Sijui namna iliyo wazi zaidi ya kuonyesha kwamba shamba na sanaa vilikuwa na saa moja.

Sasa saa hizo zimetengana, na tatizo limehamia kwenye mti. Wachongaji wanasema magogo mazito ya zamani hayaji tena kwa urahisi, na ninawaamini, kwa sababu naona jinsi vipande vidogo ambavyo zamani vingetupwa jalalani sasa vinawekwa akiba. Mpingo unashindaniwa na watengeneza klarineti, obo na zumari za Uskoti, ambao huuhitaji kwa sababu hakuna mti mwingine unaowapa sauti na uimara ule ule. Uvunaji wake unahitaji kibali, na ni haki uhitaji. Kule Kilwa vijiji vilianza kusimamia misitu yao wenyewe, na mwaka 2009 baadhi yake vikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, hatua ambayo naiheshimu sana, kwa kuwa inamlipa mwanakijiji kwa kile alichokuwa akikifanya bure siku zote, yaani kuuacha mti ukue. Hata hivyo msitu wa Kilwa hauwezi kubeba peke yake mahitaji ya wachongaji wa Dar es Salaam, na sisi tunaopenda vinyago tumekaa mjini tukiamini kwamba mpingo ni kitu kinachotoka kusini kwenye lori.

Mpingo unaweza kupandwa. Ni wa jamii ya kunde, mizizi yake huongeza rutuba ya naitrojeni katika udongo, haukatai ardhi ya kichanga, na kwa kuwa majani yake ni madogo haunyimi mazao jua. Mbegu zake hukaa moja au mbili katika maganda membamba, huota bila shida zikipata unyevu, na mche ukiwa na urefu wa kiganja tayari una miiba ya kujilinda na mbuzi, ingawa mbuzi hawaiogopi sana. Kazi iko kwenye miaka ya mwanzo, kuondoa majani makavu kuzunguka kila mche ili moto wa jirani usiufikie. Baada ya hapo ni kuuacha.

Mpakani mwa shamba langu, mkabala na minazi ya mzee, mipingo yangu sasa inanifikia kifuani. Jambo lililonisumbua zaidi ni la umiliki, kwa kuwa ardhi ya Kisarawe inauzwa kila siku na mnunuzi mpya huanza kwa kufyeka. Mzee alinikumbusha desturi ya mwambao ambayo mjini imesahauliwa, kwamba ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Mtu aliuza kiwanja akabakiza minazi yake, au akamrithisha binti miti na mwana ardhi, na kila mmoja aliheshimu haki ya mwenzake. Basi nimekaa na wanangu, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili, tukaandika kwamba hata shamba likiuzwa mipingo haiuzwi pamoja nalo, na kwamba itakapofikia unene unaoruhusiwa, kwa kibali, wa kwanza kuulizwa kama anaihitaji awe mchongaji wa Dar es Salaam. Nakala moja iko kwa mwenyekiti. Nyingine nimempa yule fundi wa Mwenge, naye amemkabidhi mjukuu wake, ambaye kwa sasa anajifunza kupiga msasa vijiko.